TAA YA INJINI SI PAMBO: ACHENI KUNG'OA MASEGA NA KUZIBA MDOMO WA SENSA (uzi mrefu, mama kaa chini)

1/15

Mama wenzangu, na akina baba mnaopita kimyakimya humu, karibuni. Leo siongelei uji wa lishe, chanjo wala mtoto kuota meno. Naongelea kile kitaa cha rangi ya chungwa kwenye dashibodi ya gari lenu, chenye picha ya injini, ambacho baba watoto amekwambia: "Achana nacho, ni sensa tu, gari haina shida."

Ni sensa TU. Hilo "tu" ndilo ninalogombana nalo leo.

Najua wapo watakaosema, nesi na magari wapi na wapi? Jibu ni fupi. Kinachotoka kwenye bomba la nyuma hakiishii barabarani. Kinaishia kifuani kwa mwanao. Na kifua cha mwanao kikibana saa nane usiku, hamkimbilii gereji. Mnakuja kwetu wodini. Kwa hiyo nina haki ya kusema, na leo nitasema mpaka nimalize.

2/15

Tuanze taratibu, maana wengi tunapanda hizi gari za juu, RAV4, Harrier, X-Trail, Forester, bila kujua ndani kuna nini.

Sensa ninayoisema si ile ya watu na makazi ya 2022, ingawa kazi inafanana: kukusanya taarifa na kuzipeleka kwa mkubwa. Mkubwa hapa ni kompyuta ya gari, ile mafundi wanaita kontroli boksi. Kuna sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Kuna ya joto la maji. Kuna ya krenki na ya kamshafti, zinazomwambia mkubwa injini imefika wapi kwenye mzunguko ili moto uchomwe kwa wakati wake. Na kuna sensa za oksijeni, zilizofungwa kwenye ekzosi, zinazonusa moshi na kusema kama mafuta yamezidi au yamepungua.

Bosch walianza kutengeneza sensa ya oksijeni mwaka 1976, na Volvo wakawa wa kwanza kuifunga kwenye magari yao. Si kitu cha jana, wala si urembo wa Wajapani. Kipo ili injini isipike chakula kikaungua na moshi ukajaa nyumba nzima.

3/15

Sasa masega. Yale ni kama jiko la pili ndani ya ekzosi. Kwa ndani yana vitundu vingi vidogo kama sega la nyuki, yamepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi mchafu unapita humo ukiwa wa moto, na kazi inafanyika. Kaboni monoksaidi inageuzwa kuwa kaboni dayoksaidi. Mafuta yasiyoungua yanamaliziwa kuungua. Oksidi za naitrojeni, zile zinazochoma njia za hewa za mwenye pumu, zinarudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida.

Sensa ya oksijeni ya kwanza inakaa kabla ya masega na inasaidia kupima mafuta. Ya pili inakaa baada ya masega, na kazi yake kubwa ni moja: kuangalia kama masega bado yanafanya kazi. Ni askari wa zamu. Yakifa, anapiga kelele, taa inawaka.

Na sisi tunafanyaje? Tunamfukuza askari.

4/15

Ngoja niwataje kwa matendo, majina siyahitaji. Haya ndiyo yanayofanyika:

- Fundi anakwambia "masega yameziba, tuyatoe, gari ipumue". Anakata, anachomea bomba tupu, anakulipisha kazi. Masega yako yanabaki gereji. Kesho yake anayauza kwa wanunuzi wanaozunguka kuyatafuta kwa ajili ya yale madini. Umelipa ili uibiwe, dada.
- Taa ikiwaka kwa sababu masega hayapo, sensa ya pili anaifungia kipande cha chuma kirefu kuitoa kwenye njia ya moshi, ili isinuse vizuri.
- Au anaibia akili kompyuta kwa kifaa cha kutuma umeme wa uongo, au programu inabadilishwa kabisa ili isiulize tena.
- Ya kijinga kuliko zote: anafungua dashibodi na kuchomoa kitaa. Mgonjwa ana homa, wewe unavunja kipimajoto, unasema amepona.

Ungeniona mimi wodini nazima mashine inayolia pembeni ya kitanda cha mwanao kwa sababu kelele zinanisumbua, ungenipeleka polisi. Na ungekuwa na haki. Sasa kwa nini gereji unampa mtu hela kwa kosa lilelile?

5/15

Nieleze kwa nini nina hasira.

Zamu moja ya jioni alikuja mama na watoto wawili, wametoka safari ndefu, vioo vimefungwa, kiyoyozi kimewashwa. Watoto walikaa siti ya nyuma kabisa na mama yao. Wote watatu kichwa kinawauma. Mdogo anatapika. Mkubwa amelegea, ukimwita anachelewa kuitika. Kila mtu akasema malaria, au ile chipsi waliyokula njiani. Malaria hamna. Kifaa cha kidoleni kikaonyesha oksijeni 98.

Kilichofungua jambo ni swali moja: nani mwingine alikuwa kwenye gari? Baba. Alikaa mbele, kioo chake kikiwa wazi kidogo kwa sababu ya sigara. Yeye mzima. Kumbe wiki iliyopita gari lilitolewa masega, maungio hayakuchomewa vizuri, na moshi ulikuwa unapanda kupitia tundu la sakafu ya nyuma, karibu na tairi la akiba.

Waliwekewa oksijeni ya kutosha, wakakaa tukiwaangalia, wakapona. Nashukuru Mungu. Lakini siku ile wangelala njiani na injini inaunguruma ili kiyoyozi kiendelee, leo nisingekuwa naandika uzi. Tungekuwa tumeandika tanzia.

6/15

Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu. Inang'ang'ania hemoglobini ya damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Na kile kifaa cha kidoleni, ambacho wengi mlinunua wakati wa korona, hakijui kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kitakuonyesha 98 mtoto akiwa anazama. Usikiamini kwenye jambo hili.

Dalili za kushika kichwani: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kukosa nguvu, kuchanganyikiwa. Kinachokupa fununu ni hiki: watu zaidi ya mmoja waliopanda gari moja wanaugua pamoja, na wakishuka kupata hewa wanapata nafuu kidogo. Ukiona hivyo, simamisha gari, zima injini, shukeni wote, nendeni kituo cha afya, na UMWAMBIE mhudumu "tulikuwa ndani ya gari". Usipomwambia, mtaishia kupimwa malaria peke yake.

Mjamzito, wewe nakutaja kwa jina lako. Damu ya mtoto aliye tumboni inaishika sumu hii kwa nguvu kuliko yako na inachelewa kuiachia. Wewe unaweza kujisikia umechoka tu, kumbe yeye anakabwa.

7/15

"Lakini nesi, gari langu halivuji ndani, moshi unatoka nje nyuma." Nje kwa nani?

Simama getini kwa shule yoyote ya chekechea saa sita mchana. Magari kumi na tano yamepaki yakiwa yamewashwa, kiyoyozi kisizimike. Katikati wanapita watoto wa miaka minne. Pua ya mtoto wa miaka minne iko urefu gani? Kaangalie bomba la ekzosi lako liko wapi, halafu unijibu.

Mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mtoto mchanga ni mara 30 hadi 60. Mapafu yake bado yanajengwa. Na Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliutangaza moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani kwa binadamu mwaka 2012. Sasa wewe uliyetoa masega "gari ipumue", umechagua gari lipumue na mtoto wa jirani asipumue. Sema hivyo kwa sauti uone linavyosikika.

8/15

Twende kwenye visingizio. Cha kwanza: "Mafuta yetu ya Afrika ni machafu, masega hayakai huku."

Hiki kilikuwa na ukweli zamani. Petroli ilikuwa na madini ya risasi, na risasi inaua masega na sensa ya oksijeni. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006. Dunia nzima ilimaliza 2021, Algeria ikiwa ya mwisho. Na Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa 2006 leo anapiga kura, na fundi bado anakupa sababu ya enzi za babu yake.

Wauzaji wanaochakachua wapo, sikatai. Lakini jirani akiuza maziwa yaliyotiwa maji, dawa ni kubadilisha muuzaji. Humtoi mtoto tumbo.

9/15

Cha pili: "Ukitoa masega na sensa, gari inapata nguvu na inakula mafuta kidogo."

Masega yaliyoziba kweli yanakaba injini. Hilo namkubalia fundi. Lakini uliza: yameziba kwa nini? Masega hayazibi kwa kuchoka tu. Mara nyingi injini inakosa moto kwenye silinda moja, plagi au koili imekufa, mafuta mabichi yanaingia kwenye ekzosi, masega yanachemka mpaka yanayeyuka. Au injini inakula oili. Au sensa ya kwanza imekufa na mkubwa anamwaga mafuta kwa kukisia. Ukitoa masega ukaacha chanzo, ugonjwa bado uko ndani.

Na sensa ya kwanza ikifa, matumizi ya mafuta yanapanda, hayashuki. Kompyuta ikikosa taarifa inapika kwa makadirio, na makadirio yake yanaelekea kumwaga mafuta zaidi ili injini isiungue. Kila wiki unalalamika kituoni mafuta yamepanda bei. Sehemu ya hela yako inatoka nyuma kama moshi mweusi.

10/15

Sasa nigeukie upande wa pili, maana sitaki mtu akimbie kesho kununua sensa tano Kariakoo.

Homa si malaria. Mama zangu mnalijua hili. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi: pima kwanza, ndipo utoe dawa ya malaria. Zamani kila joto lilikuwa malaria, tukawameza watoto vidonge wakati wana nimonia. Gereji nyingi bado ziko huko nyuma. Mashine inasoma P0420, fundi anasema "sensa, lete hela". Namba ile haisemi sensa imekufa. Inasema masega ya upande wa benki 1 hayafanyi kazi inavyotakiwa. Huenda ni masega yenyewe. Huenda ekzosi inavuja kabla ya sensa. P0171 inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta: inaweza kuwa mpira wa hewa umepasuka, sensa ya hewa imejaa vumbi, au pampu ya mafuta imechoka. P0135 ndiyo inayogusa sensa ya oksijeni moja kwa moja, hita yake au waya wake. P0335 ni upande wa krenki, na hata hapo waya hukaguliwa kabla ya kununua.

Namba ni dalili. Sio jina la spea. Fundi anayebadilisha moja baada ya nyingine mpaka taa izime anabahatisha kwa hela yako.

11/15

Basi jua zinakaa wapi, ili usimame pale gereji ukiwa na macho.

Tundu la kuchomeka mashine liko chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva, lina pini 16. Marekani walilifanya lazima kwa magari mapya ya 1996, na gari nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 zinalo.

- Sensa ya hewa: kwenye bomba kati ya boksi la chujio la hewa na injini. Ndiyo rahisi kufikia. Nyingi huhitaji dawa yake maalumu ya kusafishia, si kitambaa wala petroli.
- Sensa ya joto la maji: mara nyingi karibu na thamostati au pale maji ya moto yanapotokea kwenye injini. Ikidanganya, gari linadhani liko Makete asubuhi, linamwaga mafuta kama la baridi wakati uko Ubungo jua la saa saba.
- Sensa ya krenki: chini, karibu na pulei ya krenki au upande wa gia boksi, kulingana na gari. Ya kamshafti: juu, kwenye kichwa cha injini. Hizi zikifa gari linazima njiani na kugoma kuwaka likiwa la moto.
- Sensa za oksijeni: fuata ekzosi kutoka kwenye injini. Ya kabla ya masega ni Sensa 1. Ya baada ya masega ni Sensa 2.

Na "benki" je? Injini ya silinda nne iliyo kwenye mstari kwa kawaida ina benki moja. Injini ya V6 ina mbili, na benki 1 ni ule upande wenye silinda namba moja. Kwenye Harrier ya V6, benki 1 ni upande wa NYUMA, ule unaoelekea ukuta wa kabati la abiria, pabaya kufikia. Wapo wanaobadilisha ya mbele kwa sababu mkono unafika, halafu wanashangaa taa haizimi. Umelipia sensa nzima iliyotolewa ikiwa hai.

12/15

Ikithibitika kweli ni sensa ya oksijeni, hivi ndivyo inavyobadilishwa. Simama uangalie, au mwenye mikono afanye mwenyewe:

Kwanza, namba ya spea. Sensa 1 ya Toyota nyingi za miaka ya 2000 si sensa ya oksijeni ya kawaida, ni ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta. Kwa macho zinafanana kama mapacha, lakini haziingiliani. "Itaingia tu" si jibu. Linganisha namba, plagi na urefu wa waya.

Pili, ekzosi ipoe. Wodi ya majeraha ya moto siipendi kama wewe. Toa waya hasi wa betri. Gari likiinuliwa, liwekewe stendi, jeki peke yake haitoshi.

Tatu, bonyeza kibano cha plagi uichomoe, usivute waya. Puliza dawa ya kulegeza kutu, subiri. Tumia soketi ya 22 yenye mkato wa kupitisha waya. Spana ya kulazimisha inakula kona za nati na kuharibu nyuzi.

Nne, mpya ishikwe kwenye nati, ncha isiguswe, isidondoshwe. Grisi ya kuzuia kung'ang'ania ipakwe kwenye nyuzi TU, na kama imekuja imepakwa kiwandani usiongeze. Silikoni ya gundi isikaribie, inaua sensa.

Tano, ianze kwa mkono mpaka ishike vizuri, ndipo ikazwe kwa kipimo cha gari lenyewe. Waya usiguse ekzosi. Futa namba, endesheni siku kadhaa, PIMENI TENA. Fundi asiyepima tena baada ya kazi ni kama nesi aliyechoma sindano akaenda nyumbani.

13/15

Mnaotaka kununua gari la mtumba, yadi au kwa mtu, fanyeni haya kabla ya kutoa hela:

Washa swichi bila kuwasha injini. Kitaa cha injini LAZIMA kiwake, halafu kizime injini ikishawaka. Kama hakiwaki kabisa, kimechomolewa au kimekufa. Uliza kwa nini.

Chungulia chini. Pale panapotakiwa kuwa na mfuko mnene wa masega pana bomba jembamba lenye michirizi ya kuchomea? Sauti ni ya wazi, harufu ya petroli inachoma macho? Umejibiwa.

Chomeka mashine. Siku hizi kuna visomeo vidogo vya bluetooth vinavyoonyesha kwenye simu. Usiangalie namba za makosa peke yake, angalia pia kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Muuzaji akifuta makosa asubuhi ile, hivyo vipimo hurudi kuwa havijakamilika mpaka gari liendeshwe. Gari "safi" ambalo halijakamilisha kipimo hata kimoja limeoshwa uso, halijaogeshwa.

14/15

"Nesi, hela hatuna." Nakusikia, na hili silifanyii mzaha. Masega mapya ni ghali kweli. Ndiyo maana napigana usiyatoe yale uliyonayo, na utibu chanzo kabla hayajafa. Plagi na koili ni nafuu kuliko masega. Kupima ni nafuu kuliko kubahatisha. Kitaa kikiwaka bila kukonyeza, panga siku upeleke gari. Kikiwa kinakonyeza, hiyo ni dharura: punguza mwendo, tafuta pa kusimama, maana mafuta mabichi yanayachoma masega saa hiyohiyo.

Lakini nisiseme uongo: hela ya rimu za kung'aa ilipatikana. Ya spika ya buti ilipatikana. Ya kioo cheusi ilipatikana. Siti ya mtoto mnasema ghali, sensa mnasema ghali, muziki wa kutikisa mtaa si ghali. Tusidanganyane.

Na wakubwa nao wasikie. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007. Mara ya mwisho umesimamishwa barabarani, uliulizwa nini? Leseni, bima, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu. Vizuri, viulizwe. Moshi je? Nani alishawahi kuchomeka kipimo kwenye ekzosi yako? Yule anayekata masega mchana kweupe pembeni ya barabara, nani anamuuliza anafanya nini? Tunakagua mtungi wa kuzima moto na kuacha moshi unaowakaba watoto kila siku.

15/15

Wapo mafundi wazuri, wanaosoma, wanaopima, wanaokurudishia spea ya zamani mkononi bila kuombwa. Hao tuwape kazi na tuwataje kwa majirani, maana wanakosa wateja kwa sababu wanasema ukweli unaogharimu. Anayekwambia "toa tu" mwambie hapana. Hana ubaya nawe, ila si yeye atakayekesha na mashine ya mvuke usiku.

Kazi ya kesho asubuhi, kabla hujampeleka mtoto shule:

1. Washa swichi, angalia kama kitaa kinawaka na kuzima.
2. Inama nyuma, angalia kama bomba lina moshi mweusi, na kama kuna tundu sakafuni chini ya zulia la buti.
3. Usiache gari likiunguruma kwenye gereji ya nyumbani au banda lililofungwa, hata "dakika mbili lipate moto". Masega yakiwa ya baridi hayafanyi kazi bado, yanahitaji joto la nyuzi 250 hadi 300 kuanza.
4. Getini kwa shule, ZIMA INJINI.
5. Muulize mwenye gari swali moja: masega yetu yako wapi?

Jibu likiwa "fundi aliyatoa", msigombane mbele ya watoto. Mtumie uzi huu, asome peke yake akiwa na chai yake, halafu mkae mpange bajeti. Kitaa kinachowaka ni sauti ya mwisho inayomtetea mtoto aliyekaa nyuma, ambaye hawezi kusoma dashibodi wala kushika usukani.

Maswali yawekeni kwenye maoni, nitajibu nikitoka zamu. Wa kunitukana pia mkaribie, ila mje na namba ya kosa la gari lenu.

Nesi wenu.